Cheni na Chujio la Hewa: Hitilafu Zinazotoa Onyo Kabla ya Ajali



Katika maeneo yetu ya mpakani pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo imfikishayo mama mjamzito katika kituo cha afya usiku wa manane, ndiyo imbebayo mfanyabiashara na magunia yake hadi soko la Busia, na ndiyo iwapelekayo watoto wengi shuleni. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani. Waendesha baiskeli wa Busia na Malaba walikuwa wakiwavusha wasafiri na mizigo yao baina ya kituo cha mpaka cha Uganda na kile cha Kenya, wakinadi huduma yao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, nalo neno hilo likageuka Kiswahili na kuenea Afrika Mashariki nzima. Tangu enzi za baiskeli hadi enzi hizi za injini, jambo moja halijabadilika: nguvu hulifikia gurudumu la nyuma kwa njia ya mnyororo, au cheni kama wengi tunavyoiita.

Makala haya yanaeleza utunzaji wa vitu viwili katika pikipiki: cheni, na chujio la hewa ambalo mafundi hulijua zaidi kwa jina la filta. Tumevichagua kwa sababu moja. Ajali inapotokea, mara nyingi husikika watu wakisema kwamba ni bahati mbaya, au kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Kwa vitu hivi viwili kauli hiyo haina msingi. Cheni haikatiki bila kutoa dalili, wala injini haiuawi na vumbi kwa siku moja. Vyote viwili hutoa onyo kwa siku nyingi, na gharama ya kulisikiliza onyo hilo ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kulipuuza.

Kwa nini polisi wanalizungumzia jambo hili

Askari wa usalama barabarani anaposimamisha pikipiki, wengi hudhani kwamba anatafuta leseni na helmeti pekee. Ukweli ni kwamba hali ya chombo nayo ni jambo la kisheria. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya Uganda ya mwaka 1998 inakataza kuendesha barabarani chombo ambacho ubovu wake unahatarisha watu. Ng'ambo ya pili, Sheria ya Trafiki ya Kenya nayo inadai chombo kiwe katika hali isiyohatarisha watu. Kwa hiyo mwendeshaji anayevuka mpaka kila siku hawezi kuukimbia wajibu huu kwa kubadilisha upande.

Hata hivyo, lengo la makala haya si kutisha watu kwa faini. Lengo ni kwamba abiria anapopanda nyuma, huwa amekabidhi uhai wake kwa mtu mmoja na kwa mnyororo mmoja. Abiria hana nafasi ya kuukagua mnyororo huo. Mwendeshaji anayo.

Cheni huchakaa vipi

Watu husema kwamba cheni imevutika, kana kwamba chuma kimekuwa mpira. Sivyo. Cheni ya pikipiki ndogo ina viungo mia moja na ushei, na kila kiungo hushikwa na pini inayozunguka ndani ya bushi yake. Vumbi likiingia na mafuta yakikauka, pini na bushi husagana. Kila pini ikiliwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, cheni yenye viungo 110 hurefuka kwa milimita 11. Urefu huo ndio ulegevu tunaouona ukining'inia chini.

Tufikirie kazi inayofanywa na cheni hiyo. Pikipiki ndogo inapokwenda kilomita 60 kwa saa, cheni nzima huzunguka zaidi ya mara tatu katika kila sekunde. Katika barabara zetu za murramu wakati wa kiangazi, kila mzunguko hupita katika wingu la vumbi jekundu. Mvua zinapoanza, vumbi lile lile hugeuka tope, na tope lenye mchanga ni msasa halisi.

Cheni iliyolegea huleta hatari nne.

Kwanza, inaweza kuruka kutoka kwenye sproketi, yale magurudumu madogo yenye meno. Papo hapo pikipiki hupoteza nguvu. Ikitokea wakati mwendeshaji analipita lori katika barabara ya Malaba, atabaki ubavuni mwa lori hilo bila uwezo wa kuendelea mbele. Ikitokea katika miteremko ya Mlima Elgon, kama ile ya kuelekea Lwakhakha, atapoteza pia ule msaada wa injini unaopunguza mwendo, na mzigo wote utaziangukia breki peke yake.

Pili, cheni iliyotoka inaweza kujikunja na kukwama baina ya sproketi na gurudumu. Hapo gurudumu la nyuma husimama ghafla, na pikipiki huburutika bila kutii usukani.

Tatu, cheni inayopigapiga inaweza kupasua ganda la injini karibu na sproketi ya mbele. Mafuta ya injini yakimwagika na kulifikia tairi la nyuma, utelezi wake ni sawa na wa sabuni.

Nne, wapo waendeshaji wanaochoshwa na kelele za cheni iliyolegea ikigonga kifuniko chake, wakaamua kuking'oa kifuniko badala ya kukaza cheni. Huko ni kuondoa kengele ya hatari na kuuacha moto uendelee. Zaidi ya hayo, kifuniko kile ndicho kinachozuia pindo la gomesi, ncha ya leso au mguu wa mtoto usiingie kwenye meno ya sproketi. Mama aliyekaa upande mmoja, akiwa na mtoto mgongoni na nguo ndefu, hana kinga nyingine.

Namna ya kuitunza cheni

Kazi hii haihitaji karakana. Inahitaji kitambaa, brashi, mafuta ya taa kidogo, mafuta ya gia, spana za kufaa na muda usiozidi nusu saa.

Zima injini kabla ya kuanza, kisha toa ufunguo. Sharti hili halina mjadala. Wapo wanaosimamisha pikipiki kwenye stendi, wakatia gia na kuiacha injini izungushe cheni huku wakiipangusa kwa kitambaa. Kitambaa kikinaswa, huvuta kidole pamoja nacho. Gurudumu lizungushwe kwa mkono, gia zikiwa huru.

Safisha cheni kwa brashi na mafuta ya taa, kisha ipanguse hadi ikauke. Usitumie petroli. Petroli hushika moto kwa cheche ndogo tu, na kwa cheni zenye pete za mpira, huziharibu pete hizo.

Tia mafuta. Mafuta ya gia ya namba 80 au 90 yanafaa kwa cheni za pikipiki nyingi ndogo. Yadondoshe upande wa ndani wa cheni ya chini huku ukizungusha gurudumu polepole, ili mzunguko uyasukume ndani ya viungo. Baada ya dakika chache, pangusa yaliyozidi. Mafuta yakibaki nje ya cheni hukusanya vumbi, na yakirukia tairi ni hatari. Grisi nzito haifai, kwa kuwa haiingii kwenye pini, hubaki juu ikinasa mchanga. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini nayo haifai, kwa sababu imebeba masizi na chembechembe za chuma, yaani vitu vile vile tunavyotaka kuviondoa.

Pima ulegevu. Shika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili, isukume juu na kuivuta chini, kisha pima umbali wa mwendo wake wote. Kwa pikipiki nyingi ndogo, umbali huo hutakiwa kuwa milimita 20 hadi 30. Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho. Zungusha gurudumu na kupima tena sehemu tatu au nne, kwani cheni haichakai kwa usawa. Marekebisho hufuata pale ilipobana zaidi.

Onyo kuhusu kukaza kupita kiasi. Wako wanaodhani kwamba cheni iliyobana kama waya wa gitaa ndiyo salama. Hapana. Pikipiki inapobeba abiria na mzigo, springi za nyuma hushuka na masafa baina ya sproketi mbili huongezeka. Cheni isiyo na ulegevu wowote huvutwa hadi inaumiza beringi za gia, au inakatika pale pikipiki inapotumbukia shimoni.

Unapoirekebisha, legeza nati ya ekseli ya gurudumu la nyuma, kisha kaza nati ndogo za kuvutia kwa kiasi kilekile kulia na kushoto. Katika kila upande wa uma wa nyuma pana alama. Hakikisha pande zote mbili zimesimama kwenye alama moja. Zikitofautiana, gurudumu litakwenda upande na meno ya sproketi yataliwa upande mmoja. Ukimaliza, kaza nati ya ekseli kwa nguvu, na kama ina pini ya usalama, irudishe.

Kagua breki ya nyuma. Hatua hii husahauliwa na wengi. Gurudumu linaposogezwa nyuma, fimbo ya breki ya nyuma nayo huvutika. Breki inaweza kuanza kubana yenyewe, ikapata moto na kupoteza nguvu njiani. Zungusha gurudumu kwa mkono, hakikisha halishikwi, kisha kanyaga breki na kuona kwamba inashika sawasawa.

Tazama klipu ya kiungo cha kufungia cheni. Klipu hiyo ina upande uliofumba na upande ulio wazi. Upande uliofumba ndio uelekee kule cheni iendako. Ikifungwa kinyume, kitu chochote kikiigusa njiani kinaweza kuichomoa.

Ni wakati gani wa kubadilisha

Ishara ni tatu. Ishara ya kwanza ni meno ya sproketi: yakiwa yamechongoka na kupinda kama ndoana, muda wake umekwisha. Ishara ya pili, shika cheni nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma na kuivuta. Ikiachana na meno kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, imechakaa. Ishara ya tatu ni kipimo. Cheni ya namba 428, ambayo hutumika katika pikipiki nyingi ndogo, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Vuta cheni inyooke, hesabu pini 21, upime kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Cheni mpya itaonyesha milimita 254. Ikifika 259, iondoe.

Badilisha cheni pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya ikiwekwa juu ya meno yaliyopinda, nayo huchakaa upesi, na fedha iliyodhaniwa kuokolewa huwa imepotea. Kukata kiungo kimoja ili cheni iliyochakaa iwe fupi ni kuuficha ugonjwa, kwa kuwa pini zilizobaki ni zile zile zilizoliwa.

Chujio la hewa: pua ya injini

Tumezoea kuhesabu petroli kwa kuwa tunailipia. Hewa hatuilipii, kwa hiyo tunaisahau. Lakini kila kilo ya petroli inayoungua huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Kwa kipimo cha lita, lita moja ya petroli humeza takriban lita 9,000 za hewa. Hewa yote hiyo hupitia katika chujio moja dogo. Katika barabara ya murramu nyuma ya msururu wa malori, tunaweza kukisia ni vumbi kiasi gani linalobisha hodi.

Chujio likiziba, hewa hupungua na petroli huzidi. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi yenye masizi, nguvu kupungua kwenye mlima, na mafuta kwisha mapema. Mwendeshaji huona kwamba anajaza zaidi kwa safari zilezile, akadhani kituo cha mafuta kinampunja.

Chujio likitoboka au likiondolewa, madhara ni makubwa zaidi. Mchanga laini huingia ndani ya silinda, ukachanganyika na mafuta na kuisaga pistoni na kuta zake. Baada ya muda moshi hugeuka kuwa wa buluu, dalili kwamba injini inaunguza oili yake yenyewe. Hapo hakuna dawa ila kuifungua injini yote. Wanaoondoa chujio ili pikipiki ipate nguvu huikopa nguvu hiyo kwa riba kubwa.

Kabla ya kulisafisha, tambua aina yake. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni au mafuta ya taa, si kwa petroli. Likamuliwe kwa kubonyezwa katikati ya viganja, si kwa kunyongwa kama nguo, kwani litachanika. Likikauka kabisa, litiwe oili safi ya injini na kubonyezwa tena hadi libaki na unyevu tu bila kudondosha. Oili hiyo ndiyo inayonasa vumbi. Sponji kavu huliachia lipite.

Chujio la karatasi halioshwi wala halitiwi oili. Ligongwe taratibu vumbi lidondoke, kisha lipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Upepo ukitoka nje kwenda ndani, vumbi huzama zaidi. Likiwa limelowa, limechanika au limekuwa jeusi, libadilishwe. Kwa aina zote mbili, pangusa kisanduku chake kwa kitambaa chenye unyevu, na uhakikishe kifuniko kimekaa sawasawa. Tundu dogo pembeni mwa chujio hufanya chujio zima kuwa la bure.

Ratiba ya kufuata

Kila asubuhi, tazama cheni na klipu yake kwa macho, na usikilize sauti yake katika mita za kwanza za safari. Kila kilomita 500, safisha cheni, itie mafuta na upime ulegevu. Mwendeshaji anayetembea kilomita 100 kwa siku hufikisha kiasi hicho kwa siku tano; kwa hiyo apange siku moja ya juma na kuishika. Baada ya mvua kubwa au kuvuka maji, asingoje siku hiyo. Chujio lifunguliwe na kukaguliwa mara kwa mara kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza, na wakati wa kiangazi katika barabara za vumbi likaguliwe mapema zaidi, hata kila juma.

Mwenye pikipiki na mwenye kuendesha

Tatizo kubwa katika jambo hili si ukosefu wa maarifa, bali ni swali la nani alipe. Waendeshaji wengi hawamiliki pikipiki wanazoziendesha. Hupeleka hesabu kwa mwenyewe kila siku au kila juma. Mwenye mali hudhani kwamba cheni ni jukumu la anayeitumia. Anayeitumia hudhani kwamba kipuri ni jukumu la mwenye mali. Katikati ya dhana hizo mbili cheni huendelea kuchakaa, na anayelipa ni abiria ambaye hakuwapo katika mapatano yao.

Tunashauri pande hizo mbili ziandike katika daftari: nani ananunua mafuta ya cheni, nani analipia cheni na sproketi zinapokwisha, na zilibadilishwa tarehe gani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenyekiti wa stegi naye anaweza kuitenga asubuhi moja ya juma, wenzake wote wakague pamoja, mwenye spana akimwazima asiyekuwa nayo.

Kuhusu vipuri, nunua dukani na udai risiti. Kipuri kinachouzwa vichakani kwa bei ya kutupa, kilichopitishwa njia za panya, huenda kikawa cha bandia au kimetoka kwenye pikipiki iliyoibwa. Anayenunua mali ya wizi huku akijua asili yake huingia mwenyewe katika kosa, na risiti ni ushahidi wa kwanza wa anayenunua kwa haki.

Nawe abiria, una sauti. Ukiona kifuniko cha cheni hakipo, au ukisikia cheni ikigonga, mwambie mwendeshaji kwa upole, au panda nyingine. Kusanya nguo yako vizuri kabla ya safari, na mtoto asiachwe miguu ikining'inia karibu na gurudumu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa cheni na chujio, ufa huo huonekana kwa macho, husikika kwa masikio, na huzibwa kwa kitambaa, brashi na mafuta kidogo. Askari wetu wataendelea kukagua vyombo barabarani kama sheria inavyowaagiza, lakini ukaguzi ulio bora ni ule ambao mwendeshaji huufanya mwenyewe alfajiri, kabla abiria wa kwanza hajafika.